Siku Obadia Alipogawanya

Felista alikuwa akipiga alizeti kwa fimbo uani kwake, Ihanja, simu ilipoita. Alikuwa Stanley, mdogo wa mumewe, aliyebaki kumuuguza Obadia hospitalini Singida mjini.

"Shemeji, uko na nani hapo?"

Swali likatosha. Mtu haulizwi yuko na nani kwa sababu ya habari njema. Felista aliweka fimbo chini, akakaa juu ya lundo la alizeti.

"Sema tu, Stanley. Mungu yupo."

Moyo wa Obadia Ntandu, fundi umeme, ulikuwa umesimama akiwa anakunywa uji.

Felista alilia mpaka majirani wakajaa uani. Katikati ya kilio likamrudia neno ambalo mumewe alimwambia kitandani, akicheka kwa shida: "Mama Pendo, siku yangu spika isizimike. Ikizimika, watasema nimegawanya tena."

Habari ya kugawanya Ihanja nzima inaijua. Obadia alikuwa na testa yake ya kupimia umeme, na aliivaa shingoni hata kanisani, kama daktari anayesubiri mgonjwa aanguke. Betri za redio alizipima kwa ulimi kwanza, ndipo testa. Vikitofautiana, alisema testa imechoka. Kila kitu kwake kilianza na maswali mawili: volti ngapi, ampia ngapi? Ukishazijua hizo, alisema, umeme hauna siri. Zidisha, utapata wati, yaani nguvu inayoliwa. Gawanya volti kwa ampia, utapata ukinzani, yaani kiasi ambacho chombo kinaubishia umeme usipite.

Aliyajua hayo kama Baba Yetu. Lakini siku ya kuweka wakfu kanisa la mtaa, na kwaya zimealikwa mpaka kutoka Kilimatinde, Obadia alivaa tai. Felista aliamini daima kwamba tai ndiyo iliyombana ubongo. Kupima spika alipima sawasawa: volti kumi na mbili, ampia tano. Kisha, badala ya kuzidisha, akagawanya, akatangaza mbele ya wazee, "Wati mbili nukta nne! Inakula kidogo kuliko redio. Betri ya pikipiki itatosha mpaka kesho."

Ukweli ni kwamba zilikuwa wati sitini. Mchungaji Peniel alifika katikati ya mahubiri, wanafunzi wa Yesu wako chomboni, dhoruba inavuma, akanyoosha mkono, akasema, "Ndipo Bwana akasema..." Spika ikakata. Kwa watu waliokaa nje, mpaka leo haijulikani Bwana alisema nini.

Tangu siku hiyo Obadia hakumwacha mtu apumzike. Felista akisonga ugali, aliulizwa: "Wati?" Anajibu, "Kuzidisha." "Ukinzani?" "Kugawanya, na kula nawe unakula lini?"

Sasa asubuhi ya maziko ikafika. Nguzo za umeme ziliishia barabarani, hazikuwahi kufika kwao, kwa hiyo spika ingetegemea betri kubwa ya sola ya marehemu, ile ya ampia-saa mia, yaani inayoweza kutoa ampia moja kwa muda wa saa mia. Felista alipiga hesabu akiwa amejifunika khanga. Spika ampia tano. Akitumia nusu tu ya betri, ni muda wa saa kumi. Inatosha, kama haitaguswa.

Stanley akatokea na pasi ya umeme na majoho ya kwaya begani, akaielekea inveta, kisanduku cha kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo.

"Shemeji, nachomeka hapa dakika chache tu. Majoho yamekunjamana."

"Pasi imeandikwa wati ngapi?"

"Elfu moja."

"Gawanya kwa volti kumi na mbili."

Stanley akatazama juu, kama jibu liko darini.

"Themanini na tatu na ushei," Felista akasema. "Ampia themanini na tatu, shemeji. Utazitoa tumboni mwako? Pasi ya mkaa iko jikoni."

"Kaka amekuachia ugonjwa wake."

"Nenda kachochee mkaa."

Hapo Sikudhani akaingia uani, na wanawake waliokuwa wakilia wakaanza kucheka kabla hajasema. Alikuwa muuza kuku wa Mkiwa na mtani wa ukoo wao, na msibani mtani haombi ruhusa. Alikuwa amevaa ovaroli ya Obadia, testa shingoni. Akailamba spika.

"Wati mbili nukta nne!" akapaza sauti. "Leteni betri ya saa ya ukutani!"

"Sikudhani, nitakupiga," Felista akasema, huku akicheka na machozi yakimtoka.

"Nipige, mke wa fundi. Lakini ikizimika leo, namfukua nimuulize."

Ibada ilianza mchana. Felista hakukaa kwenye mkeka wa wafiwa. Alikaa kando ya betri. Kwaya ikaimba, spika ikanguruma vizuri. Mchungaji Peniel, sasa mvi zimemjaa, akasimulia tena habari ya wale wanafunzi na dhoruba. Akanyoosha mkono. "Ndipo Bwana akasema..."

Akanyamaza, akaitazama spika. Msiba wote ukaitazama. Felista akakamata nyaya kwa vidole viwili, ingawa alijua hazihitaji kukamatwa.

Sauti ya mchungaji ikarudi, kubwa, mpaka barabarani: Bwana aliwaambia wasiogope, kwa kuwa ni yeye.

"Kumbe ndivyo alivyosema!" akaropoka Sikudhani, na watu wakaitikia amina wakicheka.

Felista aliziachia nyaya, akaenda kaburini. Jeneza likashushwa kwa kamba. Alichukua udongo kwa mkono wa kulia, akautupia, akasema, "Nenda salama, baba Pendo. Haikuzimika." Binti yake Pendo akafuata, kisha Stanley. Sikudhani akavua testa, akamkabidhi Pendo, akatupia udongo wake. Vijana wakafukia kwa zamu. Msalaba wa mbao ukasimikwa, maua yakawekwa, mchungaji akatoa baraka. Watu wakanawa mikono, wakaenda kula.