Turubai Moja, Mapipa Arobaini

Shemeji yangu anaitwa Turubai, na jina hilo hakulipata bure. Mwaka wa kumi na tisa sasa anatunza yadi ya kiwanda cha rangi kilicho juu ya mtaa wetu, na kila wingu likitanda utamwona anakimbia na turubai begani kwenda kufunika mapipa. Mapipa yako arobaini, yamepangwa nje, mengi hayana vifuniko, mengine yanavuja chini. Turubai ni moja, nalo linatosha mapipa sita. Kwa hiyo kabla ya kila mvua mtu mzima huyu husimama katikati ya yadi na kuamua ni rangi gani iende nyumbani kwake.

Maana mfereji wa yadi unapenya chini ya ukuta, unateremka mtaani, unapita nyuma ya jiko la dada yangu. Dada hana haja ya kuambiwa mumewe kashindaje kazini. Anachungulia mfereji, anachukua simu.

"Baba watoto, leo kijani. Kijani hukukifunika?"

"Nimefunika nyekundu, mke wangu. Juzi si ulilalamikia nyekundu?"

Asiyewajua angedhani wanachagua mapazia. Mimi nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma, hadi bata wa dada walipoanza kufa. Walikuwa wanane, weupe, kutwa wanaoga mferejini. Kwanza waligeuka bluu, watoto wa mtaa wakaja kuwashangaa. Kisha wakaacha kula. Alipokufa wa tano, dada hakupiga kelele. Alimwandalia mumewe chakula, akamsubiri amalize, akamwambia, "Bata mwingine akifa, beba godoro ukalale na mapipa yako." Namjua dada yangu. Godoro lilikuwa limeshakunjwa na kufungwa kamba, limesimama nyuma ya mlango.

Turubai akamwendea meneja na ombi lile lile la kila mwaka: paa la mabati juu ya mapipa, vifuniko, na ukingo wa saruji kuyazunguka ili rangi ikivuja ibaki pale pale. Meneja alisikitika sana. Akaunda kamati ya mvua. Kamati ilikaa mara saba, ikachagua katibu, ikatundika ubao langoni: MAJI YA MVUA YASITOKE NA RANGI BILA KIBALI. Turubai akaongezewa kazi ya kuupangusa ubao vumbi.

Kisha ikaja barua kwamba mkaguzi wa mazingira atafika mvua ya kwanza ikinyesha, achote maji yanayotoka kiwandani akayapime. Hapo meneja akapata akili ambayo mpaka leo sijui aliitoa wapi. Aliamuru mfereji uzibwe kwa mifuko ya mchanga upande wa ndani wa ukuta, na upande wa nje yamwagwe maji ya kunywa ya dukani, katoni thelathini. Mvua ikanyesha. Ndani ya yadi maji yalifika magotini na mapipa yakaanza kuelea. Nje, mkaguzi alichuchumaa chini ya mwavuli, akajaza chupa yake, akaenda zake ameridhika. Mifuko ilipoondolewa jioni, dada alipokea rangi zote kwa mpigo. Bata watatu waliobaki aliwahamishia chumbani kwangu, nami sikuulizwa.

Baada ya wiki mbili majibu yakatoka: maji ya mfereji wetu ni salama kwa kunywa, mhuri na kila kitu. Meneja akaandaa sherehe pale pale yadini, mkaguzi akiwa mgeni rasmi. Ili kutufunga midomo watu wa mtaa, akatangaza kwamba atakunywa glasi ya maji ya mfereji mbele yetu sote. Turubai alipangiwa kuchota, yaani kujifanya anatoka mferejini huku chupa ya dukani imefichwa chini ya meza.

Siku yenyewe wingu likatanda katikati ya hotuba. Shemeji akaruka kutafuta turubai lake. Kumbe lilikuwa juu ya vichwa vya wageni, limetundikwa wasipigwe na jua. Mvua ikashuka juu ya mapipa yote arobaini, na hapo hapo simu yake ikaita. Nilikuwa karibu naye, nikamsikia dada.

"Yule bata aliyetoroka chumbani jana amekufa. Godoro liko nje, linanyeshewa."

Turubai alirudisha simu mfukoni. Akaichukua glasi, akaipita meza na chupa iliyofichwa chini yake, akaenda mpaka mferejini na kuinama. Aliporudi glasi ilikuwa bluu iliyokolea. Akaiweka mkononi mwa meneja.

"Karibu, bosi."

Mkaguzi aliitazama glasi, akaitazama barua yake. Meneja akaifikisha glasi mdomoni, akaishusha. Kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Paa litajengwa," akasema.

"Na vifuniko?" Mkaguzi alikuwa ameshatoa kalamu.

"Na vifuniko."

"Na ukingo?"

Meneja akaitazama tena glasi. "Na ukingo."

Hakuruhusiwa kuiweka chini mpaka tarehe ilipoandikwa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, na sioni haya kusema nililia.

Lakini dada ni dada. Miezi miwili shemeji alilala stoo ya kiwanda juu ya godoro lenye harufu ya mvua, akiwahesabia mafundi mabati. Mvua ya kwanza baada ya paa kukamilika, dada alisimama nyuma ya jiko, bata wawili wamemganda miguuni. Maji yakaja na majani makavu na kandambili moja. Akainama, akayateka kwa kiganja, akayaangalia kwa muda mrefu. Kisha akachukua simu.

"Baba watoto."

"Naam." Shemeji hakungoja aambiwe. "Rangi gani?"

"Matope," dada akasema. "Matope matupu. Njoo na godoro lako."