Kaseti za Kihispania za Kibeta

Wenzangu mliokulia kwenye nyumba yenye redio moja, ya baba, inayofunikwa kitambaa cha kufuma, nyinyi mtanielewa. Betri zikiisha nguvu tulizianika juu ya bati kama mihogo, na zikigoma kabisa tulizing'ata ili zitoe pumzi ya mwisho. Kaseti ikilegea tuliirudisha kwa kalamu, tukizungusha mpaka vidole vinauma.

Kwetu Kibeta tulikuwa na kaseti nne tu, na zote zilikuwa za kujifunzia Kihispania. Usinicheke. Padri mmoja alipohamishwa aliwagawia waumini vitu vyake. Wenzetu walipata sufuria na mablanketi, mama yangu akarudi na kaseti. Ndani kulikuwa na mzee mmoja mwenye sauti nzito. Alikuwa anasema jambo, kisha ananyamaza kidogo ili mwanafunzi arudie. Akisema "buenos días", nami nasema "buenos días". Maana sikuijua, lakini utamu wake niliujua. Niliusikia mdomoni kama asali ya kuiba.

Mara ya kwanza Bibi aliponikuta namrudishia yule mzee maneno nimesimama, fimbo yake iligonga sakafu.

"Koku! Mtu mzima anakusemesha, wewe umemsimamia kama mgomba? Piga magoti!"

Nikapiga magoti. Kuanzia siku hiyo nilijifunza Kihispania chote nikiwa nimepiga magoti mbele ya redio, na Bibi nyuma yangu akimenya ndizi. Yule mzee akinyamaza, Bibi naye alikuwa anaitikia, "Waitu!" kwa heshima zote, kama anavyoitikiwa mkwe. Alimsifu sana. Alisema ni mzungu wa kwanza kumsikia anayengoja mwenzake ajibu.

Tata, yaani baba yangu, hakupendezwa. Betri zake zilikuwa za habari na matangazo ya vifo. Wiki moja kabla ya sherehe za kanisa la kigango chetu aliziziba kaseti zangu vile vitundu vya juu kwa karatasi. Kama ulikuwepo enzi hizo unajua maana yake: sasa zingeweza kurekodiwa kitu kingine juu yake.

"Kaseti nne nzima," alisema, "zinaongea lugha isiyo na mtu Kibeta yote. Jumapili narekodi kwaya."

Nililia mpaka nikakataa senene, na aliyekulia Bukoba anajua mtoto akikataa senene hali ni mbaya. Ni Bibi aliyeniokoa. Alikuwa amesikia kwamba Jumapili hiyo atakuja sista kutoka Hispania kwenyewe.

"Mpeleke mtoto kwake," alimwambia Tata. "Wakisikilizana, kaseti ni zake. Wasiposikilizana, rekodi kwaya yako."

Jumapili ikafika. Baada ya misa Tata alinishika mkono mpaka mbele ya sista, mwanamke mfupi mwenye miwani, na kigango kizima kikatuzunguka. Nikapiga magoti kwenye changarawe.

"Buenos días," nikasema.

Uso wake ukafunguka. "¡Buenos días! ¿Cómo te llamas?"

Alikuwa ananiuliza jina langu. Mimi ningejuaje? Nilijua kitu kimoja tu: Mhispania akisema, wewe unarudia. Nikamjibu kwa adabu, "¿Cómo te llamas?"

"Me llamo Pilar."

"Me llamo Pilar," nikasema.

Akanitazama juu ya miwani. Akasema sentensi ndefu, nikairudisha yote. Akasema ndefu zaidi, haraka zaidi, nami nikamfuata nyuma kama ndama. Watu walikuwa midomo wazi.

"Wanaongea nini?" mama mmoja aliuliza.

"Mambo ya Roma," akajibu katekista, bila aibu.

"Mbona kama wanagombana?"

"Ndivyo wanavyoongea huko."

Tata akashindwa kuvumilia. "Sista, niambie ukweli. Anajua? Maana kama hajui, leo hii nazifuta kaseti."

Sista alinitazama, magoti yangu mekundu kwa vumbi, kisha akamgeukia Tata na kumwambia kwa Kiswahili safi, "Baba, mtoto huyu hakukosea hata neno moja."

Makofi! Vigelegele! Bibi alicheza kidogo, na fimbo yake ikabaki imesahaulika chini. Jioni ile Tata alichokoa zile karatasi kwa njiti ya kiberiti, moja baada ya moja, kisha akanituma dukani. "Sema nataka betri mbili za Kihispania," aliniambia, na muuza duka akaelewa.

Shule niliiacha mapema. Nimeuza chai Muleba mjini, nimeanika dagaa Bumbire, sijakaa mahali miaka miwili. Tata hakunikaripia sana. Aliwaambia watu, "Mwacheni, yule ana lugha yake." Sasa amezikwa kibanjani, kwenye migomba yake Kibeta, bila kujua kwamba siku ile binti yake alijitambulisha kwa jina la Pilar.

Siku hizi ninajifunza vizuri, kwa simu, nikianika dagaa, na jina langu naweza kulitaja. Mtoto wa kaka yangu pale Kitendaguro anajifunza pia. Ana masomo mamia, betri hazianikwi, na kila akipatia simu inampongeza kwa kengele. Anapatia kuliko nilivyowahi kupatia mimi, ila hakuna anayemsikia. Mimi nilipigiwa makofi na kigango kizima kwa kutojua kitu.

Juzi nilimwambia atoe vile vidude masikioni, asimame uani aseme kwa sauti.

"Shangazi, watu watanicheka."

"Ndiyo," nikamwambia, "wataacha na kazi zao waje wakucheke."

Alinitazama kwa huruma, kisha akavirudisha masikioni.