Banda la Ndege Lisilo na Ndege

Mama alikuwa amewaambia watu wa kijijini kwetu Kharumwa kwamba nauza ndege. Sikumtuma. Mimi nilimwambia kwenye simu kwamba nimepata kazi ya stoo kwenye kampuni inayoleta vifaa vya ndege, yaani boliti, mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, mabati ya aluminiamu, matairi, na vitu vingine ambavyo abiria hawavioni, na siku wakiviona basi kuna tatizo. Yeye alichukua neno ndege, mengine akaniachia, akalipeleka neno lake kanisani, sokoni, na kwenye mashine ya kusaga mahindi ya jirani yake.

Huyo jirani ndiye aliyekuwa shida yenyewe. Mwanawe wa kwanza yupo serikalini Dodoma, na tangu apate kiti huko, mama yangu hakuwahi kusaga debe moja la mahindi bila kusikia habari za kiti hicho. Sasa na yeye alikuwa na la kusema.

Ili mtuelewe mimi na mama, lazima niseme jambo ambalo kwa kawaida silisemi. Kidato cha nne nilipata ziro. Sikuwa naumwa, wala sikuonewa na mtu. Ilikuwa ziro iliyoshiba. Nililia siku tatu chumbani, na mama akawa anaingiza uji na kutoka bila kuuliza kitu. Baadaye nikarudia mtihani, nikaenda chuo cha ufundi, nikajifunza kutunza stoo, na mambo yakaninyookea kidogo kidogo. Ile karatasi ya matokeo niliyotoka nayo shuleni sikuiona tena. Nilidhani imepotea, na kwa kweli nilishukuru.

Basi bosi wetu, mhandisi kutoka Dar es Salaam, mtu msafi kupita kiasi, akaamua tushiriki maonesho ya madini mjini Geita. Hoja yake ilikuwa kwamba penye dhahabu pana ndege. Nilimwambia kwamba mimi nimekulia huku na penye dhahabu nimeona zaidi baiskeli. Akaniambia nifungashe mizigo.

Tukapewa banda kati ya muuza makarasha, yaani zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na kijana wa mapampu ya kunyonya maji mashimoni. Upande wa kulia mawe yanasagwa kutwa, upande wa kushoto maji yanaruka. Katikati sisi, na meza yenye kitambaa cheupe. Juu yake bosi alipanga vitu kama anaandaa meza takatifu: tairi dogo, vipande vya aluminiamu, waya za kufungia nati, boliti za kila kimo, na katikati kabisa, pini ya mguu wa ndege. Ilikuwa na urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko hadi kiganja, ya chuma kizito, imepakwa rangi ya kuzuia kutu. Rangi hiyo ni ya njano na inang'aa. Boliti nazo zilikuwa za njano hivyo hivyo.

Mbele yake bosi akasimamisha kibao: USIGUSE.

Tusimlaumu bure. Kwenye kazi yetu kifaa kina cheti chake, na kikianguka chini, hata kama hakuna mkwaruzo unaoonekana, kimekufa. Huwezi kujua ndani kimepata ufa gani. Kinafungwa lebo nyekundu na hakuna ndege itakayokiona tena. Bosi alikuwa anavaa glovu nyeupe hata kwa kuhamisha boliti moja kutoka kushoto kwenda kulia. Mimi nami akanivalisha, na kabla hata ya kufungua banda akanionya: kikianguka kitu kimoja hapa, kazi huna.

Siku ya kwanza hatukupata mgeni. Watu walikuwa wanafika, wanasimama hatua tatu kutoka mezani, wanaangalia vile vitu vya njano, wanasoma kibao, wanaangalia glovu zetu, wanatazamana, wanaondoka. Wengine walivuka kabisa kwenda upande wa pili wa njia, kama wanaogopa kupitiwa na kitu. Bosi akasema wanaheshimu ubora. Mimi njaa ya kuongea na watu ilikuwa inaniuma, maana kusimama nyuma ya meza siku nzima bila hata kuulizwa bei ni adhabu.

Siku ya pili mchana, muuza makarasha, mzee wa Nyarugusu mwenye vumbi hadi kwenye kope, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, mimi nakuona una sura ya watu wema. Hawa wenzako wamekutoa wapi?"

"Kina nani, mzee?"

"Hao wa shaba. Uwanja mzima wa maonesho unajua. Mnaitwa banda la matapeli."

Nikaelewa yote kwa mpigo, nikajiona mjinga kuliko bosi, maana yeye ni mgeni na mimi ni wa hapa hapa. Huku kwetu hakuna mtu mzima ambaye yeye mwenyewe, au shemeji yake, hajawahi kuuziwa shaba akiambiwa ni dhahabu. Kwa hiyo kitu cha njano hakiaminiwi kwa macho. Kinapimwa uzito kwa mkono, kinagongwa, kinakwaruzwa, kinamwagiwa asidi, kinachomwa moto, na mwenye nacho akiwa mtu wa kweli anakuachia ufanye yote hayo huku akipiga mluzi. Anayekataza kugusa ni mwizi. Anayekataza kugusa huku amevaa glovu ni mwizi aliyesoma.

Nikamweleza bosi. Akacheka, akasema hakuna mtu mwenye akili anayeweza kudhani boliti ni dhahabu. Nikamwambia hawadhani ni dhahabu, wanadhani sisi ndio tunaodhani kwamba wao watadhani. Hapo akaacha kucheka akaniuliza kama nimekunywa maji. Kibao hakikutoka.

Jioni ile mama akapiga simu.

"Kesho tunakuja kuiona."

"Kuiona nini, mama?"

"Ndege. Tumeshakodi Noah. Tupo saba, na jirani yupo."

Nilijaribu kila uongo. Nikasema kuna vumbi, akasema na Kharumwa lipo. Nikasema ndege haikuja, imebaki Mwanza, zimekuja sehemu zake tu. Kisha kwa sauti ya chini, ile ya kuongea akiwa ameziba simu kwa kiganja, akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, mimi nimeshasema. Sasa nifanyeje?" Siogopi kuaibika mimi, nimezoea. Nilikuwa nawaza mama yangu anarudi kwenye ile mashine ya kusaga, kila wiki, mpaka atakapokufa, na jirani anamuuliza ile ndege ilikuwa wapi.

Wakafika kesho yake saa nane, wamevaa sare ya kina mama wa kanisa, wanatembea kwa mstari. Mama yupo mbele, kabeba kuku kwa ajili ya bosi wangu. Jirani yupo nyuma yake, ameshika pochi kwa mikono miwili.

"Mwadila," mama akalisalimu banda zima kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mama. Shikamooni."

"Marahaba." Akatazama meza. Akatazama chini ya meza. Akatazama juu, kwenye turubai. Niliona uso wake ukitafuta na kukosa.

"Ndege yenyewe iko wapi?" akauliza jirani, taratibu, kama mtu anayemenya chungwa.

Kabla sijajibu, kijana wa mapampu, ambaye hakuulizwa na mtu, akadakia, "Mayu, mama yangu, hapo hakuna ndege. Hao wanauza shaba. Matapeli gete, kweli kweli."

Wale kina mama waliniangalia mimi na glovu zangu. Jirani akageuka kumtazama mama, na nikaona midomo yake inajiandaa kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliyomkasirisha mama kuliko kutukanwa.

Akanikabidhi kuku. Akauliza kwa sauti ya kanisani, "Hii ya katikati ni nini?"

"Pini ya mguu wa ndege, mama. Inashikilia mguu wenye gurudumu."

"Isipokuwepo, ndege inatua?"

"Inatua kwa tumbo."

"Mmesikia," akawaambia wenzake. Kisha akakiondoa kibao cha USIGUSE, akakilaza kifudifudi, akaichukua pini kwa mikono yote miwili. Bosi akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu mzima. Mama akainyanyua hadi kifuani, akamwangalia kijana wa mapampu, na akaiachia.

Ilianguka kwenye sakafu ya saruji na kulia. Sijui niseme ililia vipi. Ililia kama kengele ya shule, mlio mrefu, safi, ukapita makarasha na mapampu na spika za matangazo, watu wakageuza shingo hadi banda la mbali. Ikadunda, ikalia tena. Kuku naye akapiga kelele mikononi mwangu.

Mzee wa makarasha akaja mbio, akachuchumaa, akaiokota, akaigonga kwa ukucha, akaipima mkononi, akailamba. Watu wakajazana. Akasimama na kutoa hukumu.

"Hii si dhahabu!"

"Tulijua!" umati ukasema.

"Wala si shaba! Shaba hailii hivi. Hiki ni chuma, tena chuma cha maana. Na mtu wa kutapeli dhahabu hawezi kuja na chuma kinacholia hivi, si angekamatwa siku ya kwanza? Hawa hawajawahi kusema ni dhahabu. Binti, mlisema?"

"Hatukusema," nikajibu.

"Hawakusema!"

Basi. Kwa ushahidi huo, ambao mpaka leo sijui una mantiki gani, tukasafishwa. Banda likafurika. Watu wakagusa kila kitu. Mnunuzi mmoja wa dhahabu alikwaruza kipande cha aluminiamu kwa wembe, akasikitika kwamba ni chepesi, akatupa pole. Kijana wa mapampu alizitaka zile waya za kufungia nati, na akamwamkia mama mara tatu. Mafundi wawili wa ndege ndogo walivutwa na kelele, wakafika, wakacheka sana, wakaondoka na orodha yetu ya vifaa, na nadhani hao ndio waliookoa ajira yangu. Kina mama wa Kharumwa walipokezana pini kama mtoto mchanga. Jirani alipofikiwa na zamu yake aliishika muda mrefu.

"Ni nzito," akasema.

"Ndiyo mguu wenyewe," mama akajibu.

Jioni bosi akanikalisha na lebo nyekundu. Nikajaza jina la kifaa na namba yake. Kwenye sehemu ya sababu nikaandika kwamba kimeangushwa. "Na nani?" akauliza. Nikamtazama. "Andika ukweli," akasema. Nikaandika: na mama mzazi wa mtunza stoo. Kisha, kama utaratibu unavyotaka, tukamwomba mzee wa makarasha aichane pini kwa grainda, mfereji mmoja ubavuni, ili asitokee mtu wa kuifunga tena kwenye ndege. Nilidhani bosi ataitupa. Akaifuta vumbi kwa glovu zake, akamkabidhi mama, akapokea kuku kwa heshima kubwa, ikionekana wazi kwamba hajui amshike wapi.

"Hapa pameandikwa nini?" mama akaniuliza, akishika ile lebo. Ilikuwa kwa Kiingereza, kwamba kifaa hiki hakifai kutumika.

"Kwamba imethibitishwa," nikasema.

"Sawa."

Mwezi uliopita nilienda Kharumwa. Pini imesimama kwenye kabati la vyombo, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, imepakwa mafuta ya kula hadi inateleza. Wageni wakifika wanaambiwa waiguse kwanza ndipo wakae. Mfereji wa grainda umeelekezwa nyuma, na lebo nyekundu imegeuzwa, inatazama ukuta.

"Mama, mbona lebo umeigeuza?"

"Mimi mpira naangalia," akasema. "Kadi nyekundu naijua."

Nikaona aibu hadi masikioni. Nikaanza kujieleza, kwamba niliona atakuwa na huzuni mbele ya wenzake, kwamba sikutaka. Hakunisikiliza. Alienda ukutani kwenye picha yangu ya mahafali ya chuo cha ufundi, ile niliyovaa joho linalonipita, akaishusha na kuigeuza. Nyuma yake, imebandikwa kwa gundi pembe zote nne, ilikuwapo karatasi yangu ya matokeo ya kidato cha nne, imekuwa ya kahawia, na ziro yake iko pale pale.

"Hii nayo ni yako," akasema. "Nitaitupaje? Nimeigeuza tu."

Miaka yote ile nilikuwa nakula wali chini ya picha hiyo.

Nje, jirani akapiga hodi. Alikuwa amekuja na shemeji yake kutoka Runzewe, aione ndege. Mama akaitundika picha, akainyoosha, akaigusa lebo kidogo kuhakikisha inatazama ukuta, akasema karibuni.