Kemshafti Aliyoichagua Gervas

Mnaotaka kucheka chekeni sasa, tumalizane. Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu na mikono imejaa grisi.

Vita vya Kagera vilikuwa vimepamba moto. Karibu magari yote mazima ya Ngara yalikuwa yamechukuliwa kupeleka askari na chakula. Kijiji chetu cha ujamaa, hapa Nyamiaga, kilibakiwa na pikapu moja, nayo ilisamehewa kwa sababu ilikuwa mbovu. Kemshafti yake, ule mhimili wenye vinundu unaofungua na kufunga vali za injini, ilikuwa imelika. Fundi nilikuwa mimi. Rafiki yangu Gervas, fundi kunizidi, alikuwa amekwenda vitani kuendesha lori.

Kabla hajaondoka tulibishana sana. Nilikuwa nimepata kemshafti mbili Biharamulo: moja ya kawaida, kuukuu lakini nzima, na nyingine iliyotolewa kwenye gari la mashindano, vinundu vyake virefu, inang'aa. Roho yangu ilikuwa kwenye ile ya mashindano. Nani hapendi gari linalonguruma? Gervas akasema, "Usifunge yoyote mpaka nirudi. Tutachagua pamoja." Mama yake, mjane mwenye mtoto huyo mmoja tu, alikuwa amesimama pale anasikia.

Miezi ikapita. Masika yakaanza, na wagonjwa wakawa wanabebwa kwa machela kupandishwa mlima kwenda hospitali. Nikachoka kungoja. Jioni moja ya manyunyu nikafungua injini kwenye kibanda changu nyuma ya ghala la kijiji, nikaishika ile ya mashindano.

"Bado tu unaing'ang'ania hiyo?"

Gervas! Amesimama mlangoni na ovaroli lake la bluu, amekonda kidogo. Nilitaka kumkumbatia, akarudi nyuma. "Nimechafuka na safari," akasema. Nikamwamini. Wewe usingemwamini?

Nikachukua kibuyu cha pombe ya ndizi, nikaonja kwanza mimi, kama ilivyo kwetu, ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani. Nikampa. "Weka hapo kwenye kreti," akasema, "nitakunywa."

Akaanza kunihoji kama zamani. Kabureta ni ileile? Ileile. Springi za vali? Zilezile za kiwandani. Umebadilisha nini basi? Ekzosi tu, nikasema, kwa aibu kidogo.

"Sasa ndugu yangu, hiyo ya mashindano itakusaidia nini? Inataka injini izunguke kwa kasi sana ndipo ipate nguvu. Kwenye mwendo wa polepole inakohoa tu. Wewe unapanda mlima na gia ya kwanza, nyuma umemlaza mjamzito. Utamwambia asubiri kwanza injini ichangamke? Funga ya kawaida."

Yalinichoma, lakini yalikuwa kweli tupu. Nikaiweka ile ya mashindano pembeni. Nikamwambia gasketi, ile ya kuziba kifuniko cha injini mafuta yasivuje, sina.

"Iko kwa mama, chini kabisa kwenye debe la maharage ya mbegu. Niliificha isiibwe."

Nilikimbia, jamani. Nilikimbia kama mtoto aliyeona mbuzi anachinjwa. "Shikamoo mama! Gervas karudi, yuko gereji, kanituma gasketi!" Hata marahaba hakuitikia. Alilimwaga debe lote sakafuni, na gasketi ikadondoka mwisho, imeviringishwa kwenye kitambaa. Yeye mwenyewe hakuwa anajua kama imo. Akatoka mbio, miguu mitupu kwenye matope, anamwita mwanawe.

Gereji hapakuwa na mtu. Kwenye matope ya mlangoni kulikuwa na nyayo zangu tu. Kibuyu kilikuwa palepale juu ya kreti, kimejaa kama nilivyokiacha.

Vita vilipoisha, dereva aliyekuwa na Gervas akaja kutupa habari. Gervas alikufa, wakamzika wenyewe, kabla masika hayajaanza. Kabla! Lakini mama akamtazama yule dereva kwa upole.

"Umekosea mtu, baba. Mwanangu alikuja wakati wa mvua. Alimtuma huyu gasketi. Nani mwingine alijua ilipo?" Akanigeukia. "Mwambie."

Nikamwambia dereva ndivyo ilivyokuwa.

Hakukubali matanga. Hakukubali misa. Kila pikapu ilipopanda mlima, ikivuta vizuri kwa ile kemshafti ya kawaida, alitoka kusimama barabarani. "Mnasikia? Kazi ya mwanangu hiyo." Wagonjwa wengi walifika salama, siwezi kukana. Yeye mwenyewe nilimpeleka na pikapu hiyohiyo, miaka baadaye, safari yake ya mwisho. Njiani aliniuliza kama nimemwachia Gervas ufunguo wa nyumba. Nikamwambia nimemwachia.

Ile kemshafti ya mashindano bado ninayo, imeshika kutu, sijaifunga kwenye gari lolote. Kinachoniuma mpaka leo ni jinsi nilivyokimbia na habari ile, nikamnyima mama wa watu hata kumlilia mtoto wake.

Kwa hiyo nakuomba. Ukimwona mtu wako amerudi kutoka vitani, furahi, lakini usimkimbilie mama yake. Onja pombe, mpe, kaa naye. Ngoja mpaka umwone anameza.