Aliyepepeta Mvua

Nilipomzika mke wangu, nilinunua mabati nikalijengea kaburi lake paa. Nguzo nilizichimbia mwenyewe. Watu hapa Mau Narok walisema ni wazimu wa uzee, kaburi halihitaji paa. Walijua vizuri kwa nini nimeliezeka. Shamba lile alimolala halikuwahi kukosa mvua ya mawe, na yeye ndiye aliyekuwa akiiita.

Jina lake Wariara. Mimi nilimwita Mama Mwaura, yeye aliniita Baba Mwaura, kwa mtoto wetu mmoja ambaye yuko Nakuru. Alikuwa mfupi. Alivaa koti la mwanamume hata jua likiwaka. Mikono yake ilikuwa baridi siku zote, ukimsalimia ulishtuka. Alipenda kusikiliza matangazo ya vifo kwenye redio, na akisikia jina analolijua alisema tu, "Haya, huyo amefika."

Kazi yake ilikuwa hii. Wingu la mawe likitokea upande wa msitu, alichukua ungo wake akasimama kwenye pembe ya shamba letu. Akauinua juu ya kichwa akapepeta, vile mama yeyote anavyopepeta mahindi. Huko juu mvua ilitengana. Maji yalienda kwa watu, mawe yalikuja kwetu. Nimeyaona kwa macho yangu miaka mingi na sina maelezo.

Mawe ni lazima yaanguke mahali. Hilo ndilo jambo la kwanza alilofundishwa. Anayepepeta hana ruhusa kuyatupa kwa jirani. Lazima atoe shamba lake mwenyewe liwe mlango. Basi ngano ya wengine ilisimama, viazi vya wengine vilitoa maua, na vyetu vilipigwa hadi vikabaki vijiti. Pesa alikataa. Alipokea viazi tu, vya kupika, si vya kuuza. Mimi ni mkulima, na nimekula viazi vya majirani maisha yangu yote.

Jirani yetu Kipkirui alikuwa akinichokoza juu ya ua.

"Mzee Thuo, mwaka huu umepanda nini? Mawe?"

"Ndiyo. Na yameota vizuri."

Alicheka. Mimi pia nilicheka. Siku hizo kulikuwa na kucheka.

Wariara alizaliwa kwenye shamba la mzungu, mama yake akichuma maua ya pareto. Baba hakumjua. Alipokuwa msichana mdogo mvua ya mawe ilimkuta mama yake katikati ya pareto, kwenye mteremko, hakuna pa kujificha. Hakufa siku ile. Alikufa baadaye, lakini kutoka siku ile hakuwa mtu tena. Wariara akaanza kupotea msituni. Huko alikutana na mwanamke mzee wa Kiogiek ambaye kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya. Kogo alikuwa na mizinga ya nyuki, na mawe hayakuwahi kugusa mizinga yake. Wariara alitaka kujua kwa nini. Kogo alimwambia arudi nyumbani alete ungo. Zaidi ya hapo hakunieleza. Nilipomuuliza Kogo alikuwa mtu wa namna gani, alisema, "Alikuwa mchoyo wa asali." Ndivyo alivyozungumzia watu aliowapenda.

Hakutaka kuitwa mchawi. Watoto walisema anaruka na ungo, akawafukuza na mwiko, kisha akawapa viazi vya kuchoma. Kanisani alikaa nyuma karibu na mlango, ili wingu likija aweze kutoka bila kukanyaga watu. Pasta alihubiri siku moja juu ya waganga. Wiki ile ile ngano ya kanisa ilinusurika. Hakuhubiri tena.

Mwaka wa vurugu ghala letu lilichomwa. Tulikimbia, tukarudi tukakuta majivu. Msimu uliofuata wingu likatokea, nikamwona amechukua ungo.

Nikamwambia, "Unawapepetea hata hao waliotuchomea?"

Ng'ambo ya mto kulikuwa na mtu analima amevaa sweta yangu ya kijani, ile aliyonifumia Wariara mwenyewe. Wariara alimwangalia.

"Inamkaa vizuri kuliko wewe," akasema. Kisha akapepeta.

Nilikasirika. Sikuongea naye hadi chakula. Yeye hakuonekana kujali.

Kulikuwa na jambo moja alilofanya kila mwaka kabla ya kupanda. Asubuhi alichemsha chai, akashika kikombe changu bila kunipa, akaniuliza, "Baba Mwaura, mwaka huu shamba ni la nani?" Nami nilijibu, "La mvua." Hapo alinipa chai. Nilidhani ni mzaha wetu wa ndani ya nyumba. Wazee wana mizaha yao.

Joyline alikuja kwake akiwa mwanamke mzima, mwenye watoto, kazi yake kupakia viazi kwenye magunia pale senta penye maduka. Mawe yalikuwa yamewamaliza huko kwao juu. Aliomba afundishwe. Wariara alimkataa mara nyingi, kisha siku moja akamwekea ungo mapajani, umejaa mtama uliochanganywa na kokoto.

"Pepeta. Macho ufunge."

Msimu mzima Joyline alipepeta mtama macho yakiwa yamefungwa. Msimu wa pili alifundishwa kusikiliza. Wingu la mawe lina sauti yake, kama lori linalomwaga kokoto mbali sana. Nilikuwa nikiwasikia kutoka zizini. Joyline alimwita Shosho, yaani nyanya, na mimi aliniita Guka, yaani babu.

"Shosho, na maneno je? Kuna maneno ya kusema?"

"Maneno gani? Ukipepeta mahindi unayaambia nini?"

"Siyaambii kitu."

"Basi."

Hakumsifu hata mara moja. Joyline akikosea alinyang'anywa ungo na kutumwa maji. Akifanya vizuri alitumwa maji vilevile. Lakini niliona kwamba alimwachia koti lake wakati wa baridi, akasimama yeye na gauni tu.

Wariara alianza kukohoa mwisho wa mwaka. Tulimpeleka Nakuru. Daktari alisema ni mapafu, na mimi sibishani na daktari. Siku aliyojua harudi nyumbani alinishika kwa ile mikono yake.

"Unizike katikati ya shamba letu. Si kando. Katikati."

"Pale kwenye mawe?"

"Pale pale."

Sikupenda. Nilimzika pale kwa sababu alisema. Kisha nikapanda viazi kulizunguka kaburi, kwa mazoea, nikajenga lile paa. Nilisema moyoni, yale mawe yamempiga vya kutosha. Sasa alale.

Mvua ilikuja. Viazi vilianza kutoa maua. Wingu la kwanza la mawe lilikuwa dogo. Joyline alikuja mbio kutoka senta na ungo wa Wariara, akasimama kwenye pembe yake. Nilimtazama kutoka dirishani. Alipepeta vizuri. Mikono yake ilienda sawasawa na ya mwalimu wake, hata ukadhani ni yeye. Lakini mawe hayakushuka kwetu. Yalizunguka juu yetu kama mbwa aliyekuta lango limefungwa, yakaenda kuangukia viazi vya Kipkirui.

Jioni Joyline alibisha hodi. Hakukaa.

"Guka, ni lile paa."

"Paa limefanya nini?"

"Mlango umefungwa. Mawe hayakai nje yakingoja. Yanaenda kwa watu."

"Kipande chenyewe ni kidogo. Shamba lingine lote liko wazi."

"Hayaangalii ukubwa, Guka. Yanaangalia kama mwenyewe amekubali."

Nikamwambia paa halitoki. Nilisema nimemwona mke wangu akipigwa na mvua miaka yote, kichwa kikivuja damu, mimi nikiambiwa nibaki ndani. Nilisema kama wanataka mlango, watoe wao. Wana mashamba.

Joyline aliinamisha kichwa. "Sawa, Guka," akasema, akaenda zake.

Habari ilifika senta. Vijana walimngojea pale kwenye magunia.

"Mathe wa ungo! Niaje? Umepepeta ukaangusha?"

"Rudisha ungo upikie chapati!"

Alipita akaenda kupakia. Kipkirui alikuja kwangu siku iliyofuata, akasimama kwenye ua kama kawaida, lakini hakuuliza nimepanda nini. Alisema sehemu ya chini imepigwa, ya juu bado iko. Alisema karo ya watoto iko kwenye ile ya juu. Kisha akaangalia kaburi, akavua kofia.

"Mimi siwezi kukuambia ufanye nini hapo, mzee," akasema. "Yule mama alinifaa."

Heri angenitukana.

Wingu kubwa lilikuja alasiri, siku chache baadaye. Lilikuwa na ule ukijani wa nyongo. Nilisikia lile lori likimwaga kokoto huko mbali, juu ya msitu. Ng'ombe waliacha kula. Watu walisimama kwenye mashamba yao yaliyochanua, wote wakiangalia upande mmoja, kisha wakageuka wakaangalia nyumba yangu.

Joyline alikuwa tayari kwenye pembe, amevaa lile koti. Ungo ulikuwa mkononi lakini hakuuinua. Nilitoka.

"Mbona hupepeti?"

"Nikipepeta sasa, yataenda kwa Kipkirui yote. Nisipopepeta, yatapiga kila mtu."

"Basi nenda utoe hayo mabati. Una nguvu kuliko mimi."

Nilisema kwa hasira, lakini nilisema. Alitikisa kichwa.

"Siwezi. Shosho alinikataza. Alisema mlango haufunguliwi na anayepepeta. Unafunguliwa na mwenyewe aliyebaki kwenye shamba. Ndiyo maana alikuwa akikuuliza kila mwaka."

"Akiniuliza nini?"

Aliniangalia kama mtu anayeogopa kunivunjia kitu.

"Shamba ni la nani."

Nilisimama. Upepo ulikuwa umeanza, baridi, ule wa mbele ya mawe. Nilikumbuka kikombe kikiwa mkononi mwake, mvuke ukipanda, na yeye akiningojea. Kila mwaka. Hata baada ya ghala kuchomwa, nikiwa nimenuna, aliniuliza na nikajibu kwa sauti ya kununa, na alingoja hadi nikajibu. Kumbe hakuwa amelitoa shamba langu bila mimi. Tulilitoa pamoja, na mimi nilidhani ninaomba chai.

"Na kaburi?" nikauliza. "Kwa nini alitaka alale pale?"

"Alisema Mwaura atauza shamba siku moja. Alisema hakuna Mkikuyu atakayenunua kaburi la mama wa mtu."

Hiyo ilikuwa kweli. Mwaura alikuwa ameshaleta mtu wa kupima ardhi. Wariara alimjua mtoto wake. Alinijua na mimi. Jambo moja tu hakulipanga, kwamba nitamwonea huruma kwa mabati.

Joyline alifuta uso kwa mkono wa koti. Kisha akauliza.

"Guka, mwaka huu shamba ni la nani?"

Nilienda kaburini nikachukua jembe. Misumari nilikuwa nimeipigilia mwenyewe na nilikuwa nimeipigilia vizuri. Bati la kwanza lilinikata kiganja. Mawe ya kwanza yalikuwa yanagonga paa nilipong'oa la pili, yakilia kama mtu anayebisha hodi kwa pesa ya chuma. Niliyatupa yote chini. Udongo wake ukabaki wazi. Bado ulikuwa mwekundu, haujashika nyasi.

"La mvua," nikasema. Sijui kama Joyline alinisikia. Yule niliyekuwa nikimjibu hakuwa Joyline.

Ungo ulipanda. Niliona mikono ya Joyline ikienda, na kule juu kitu kikapasuka katikati, upande mmoja mweusi, upande mwingine mweupe. Ule mweupe ukatushukia.

Wariara alikuwa akiniambia nibaki ndani. Siku hiyo hakukuwa na wa kuniambia. Niliokota bati moja nikaenda nikasimama nyuma ya Joyline, nikalishika juu ya kichwa chake ili aweze kupepeta. Kelele zilikuwa nyingi hatukuweza kusikiana. Mawe yalikuwa makubwa kama mayai ya kware. Nililishika hadi mwisho. Kutoka pale niliona kaburi likipigwa. Msalaba ulilala upande. Udongo ulirukaruka kama unachemka. Sikugeuza uso.

Ilipokwisha, shamba letu lote lilikuwa jeupe. Viazi havikuwepo tena. Ng'ambo, viazi vya Kipkirui vilikuwa vinadondosha maji, maua yote yako. Huko chini ngano ilikuwa imesimama hadi mwisho wa macho.

Joyline aliketi kwenye matope. Nilishika mkono wake nimwinue. Ulikuwa baridi kama wa yule mwingine.

"Nenda ukachote maji," nikamwambia. "Tupike chai."

Alinitazama, kisha akalia kwa sauti. Alienda.

Mawe yalikaa juu ya kaburi hadi jioni, yamerundikana pale penye kichwa. Sikuyaondoa. Yalijiendea yenyewe, yakaacha udongo una mashimo madogo madogo kama chekecheo. Msalaba nimeusimamisha. Mabati nimeyaweka kwenye zizi la ng'ombe, kule yanafaa. Mwaura alipiga simu kuhusu mtu wake wa kupima. Nilimwambia mama yako yuko katikati. Alisema ataongea na mimi siku nyingine. Nilimwambia pia kuna swali ambalo Joyline atakuja kumuuliza siku nitakapokuwa sipo, na jibu lake. Hakusema kama atalijibu.

Wakati wa kuvuna, Kipkirui alileta gunia la viazi akaliweka mlangoni. Nilivipika kwenye sufuria ile kubwa, kwa mazoea. Vilikuwa vizuri, vya unga. Nilikula nikashindwa kuvimaliza.