Kichwa cha babu yangu kiko kwenye bango

Admin, nifiche tafadhali, huku Manga tunajuana wote. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita. Mimi na jamaa niliyesoma naye chuo, nimwite K, tunatengeneza mashine ndogo ya kushika mkononi. Unaipitisha juu ya kitu, kompyuta inachora umbo lake lote, kila bonde na kila nundu. Wueh, imetutesa! Kwenye kitu laini kama sufuria, kisicho na alama ya kujishikiza, ilikuwa inapotea tu.

Ndipo sokoro, babu yangu aliyenilea, akasema nijaribu kichwa chake. Utosini ana shimo la kutosha kidole gumba. Watu wote wanajua alianguka kutoka mparachichi akiwa kijana. Mashine ilishika vizuri ajabu, lakini nilipokuza picha nikaona kingo za shimo zimekwanguliwa sawasawa. Nikamwambia, "Sokoro, mti haukati hivi."

Akacheka, halafu akafunga mlango. Akaniambia ujanani aliumwa kichwa hadi akawa anajigonga ukutani, watu wa kwao wakampeleka kwa omobari, mpasuaji wa kienyeji, akamfungua fuvu. Alipona kabisa. Lakini kanisani kwetu hayo ni mambo ya giza, na yeye ni mzee wa kanisa. "Mami," ndivyo anavyoniita, "hii ibaki hapa."

K naye aliziona zile kingo, akauliza. Nikamwambia, si ni mwenzangu? Sasa tumechaguliwa kwa maonyesho ya ubunifu mjini Kisii wiki ijayo, na K amechapisha bango kubwa kama mlango: kichwa cha babu, chini yake maneno "Fuvu lililofunguliwa na mganga."

Nilipiga kelele hadi koo likauma. K akasema, "Hiyo picha ndiyo imetufikisha hapa. Ukiitoa tunabaki na sufuria. Na si alikubali mwenyewe?"

"Alikubali kupimwa, hakukubali kuanikwa!"

Ameapa kwamba nikiligusa hilo bango, tumeachana na kazi yote. Miaka yangu yote imeingia humo, jameni.

Kilichonimaliza ni Sabato iliyopita. Babu alisimama mbele ya kanisa, machozi yakimlengalenga, akaomba wamuombee mjukuu wake. Sasa kwaya nzima imekodi gari kuja kunishangilia, pasta pia. Jioni babu akanipigia simu: "Mami, niwekee kiti cha mbele kabisa, macho yangu hayaoni mbali."

Niambieni ndugu zangu, hata kwa matusi nitasoma: nifanyeje?