Jirani anataka kununua mchoro wangu

Leo nimekaribia kuuza ploti ambayo haiko.

Natengeneza programu ya kuwasha na kuzima pampu ya maji hapa kwetu Kisaju. Shida ni kwamba ikishawaka, haizimi. Pampu ya kwanza iliungua, na landlord ameapa hanunui nyingine.

Nikaacha kompyuta. Nikachukua chaki, nikachora programu yote kwa ukuta wa nje. Kila hatua niliipa boksi na nambari, halafu nikaziunganisha na mishale.

Mama Njeri akapita. Huyu ni jirani yangu, kazi yake ni kuuza mashamba. Akasimama, akaangalia sana.

“Kumbe mnagawa hii shamba? Na hukuniambia!”

Kabla nimjibu, akaweka kidole kwa boksi ya kona.

“Lakini namba saba mmeharibu. Haina barabara ya kuingia. Nani atanunua?”

Nikaangalia vizuri.

Namba saba ndiyo ya kuzima pampu. Hakuna mshale hata mmoja ulikuwa unaingia hapo!

Nikachora mshale, nikarekebisha na programu, nikangoja tanki lijae. Pampu ikanyamaza yenyewe. Majirani wakatoka kuuliza kama stima imepotea.

Hiyo programu nimeisoma tangu asubuhi na sikuona kitu. Kwa nini macho yanaona kwa mchoro kile yamekataa kuona kwa maandishi? Mnaojua, nielezeni.

Na mnishauri pia, kwa sababu Mama Njeri amerudi sasa hivi, ameona mshale mpya.

“Hapo sawa. Namba saba usiuzie mtu. Ni yangu.”